Saa Inayohesabu Mara Mbili

Watu wengi wakiisifu saa ya Comtoise husifu uso wake: enameli nyeupe na taji la bati la shaba lililochapwa nakshi. Mimi naona ustadi umejificha nyuma ya uso huo, kwenye mtambo wa kengele.

Saa hizi zilitoka Morbier na Morez, katika milima ya Jura mashariki mwa Ufaransa, tangu mwishoni mwa karne ya 17 hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Kengele ikishapiga saa, baada ya dakika 2 hivi hupiga tena hesabu ileile. Aliyekuwa zizini akakosa ya kwanza hupata ya pili.

Kwa mtambo wa kale wa gurudumu la kuhesabia, hilo lisingewezekana. Mapengo yake yamepangwa kwa zamu, 1, 2, 3 hadi 12, na kila likifunguliwa husonga mbele. Lifungue mara ya pili saa nne asubuhi: badala ya kurudia mapigo 10, litapiga 11, na tangu hapo kengele na akrabu hazipatani.

Mafundi wa Jura waliweka ufito wa chuma wenye meno, uliosimama wima. Wakati ukifika, ufito huachiwa ukaanguka kwa uzito wake hadi ugote kwenye bamba la ngazi 12 linalozunguka pamoja na akrabu ya saa. Kadiri ngazi ilivyo chini ndivyo ufito unavyoanguka zaidi, na meno ya kupandishwa huwa mengi. Kila jino ni pigo moja. Dakika 2 baadaye ngazi ni ileile, basi hesabu haibadiliki.

Nguvu yote hutoka kwa vyuma viwili vizito vilivyoning'inia kwa kamba, kimoja cha mwendo, kingine cha kengele. Springi, inayoendesha saa nyingine, hulegea kadiri siku zinavyopita. Chuma huvuta sawasawa juma zima.

Fremu nayo imefikiriwa. Kila msururu wa magurudumu umeshikwa na pao zake, hivyo fundi aweza kufungua upande wa kengele bila kugusa wa mwendo. Na jina lililoandikwa usoni lisikudanganye: mara nyingi ni la muuzaji wa mjini, si la aliyefua chuma.