Kimelea au Takataka? Slaidi ya Malaria Inavyosomwa Kericho

Baridi ya Kericho, nchini Kenya, hupunguza mbu, lakini haijawakinga wachuma chai dhidi ya milipuko ya malaria. Rekodi za hospitali ya mashamba ya chai ya kampuni ya Brooke Bond zimewawezesha watafiti kuufuatilia ugonjwa huo tangu 1965. Mwaka 2002, Simon Hay na wenzake waliandika katika jarida la Nature kwamba hawakuona badiliko kubwa la hali ya hewa huko. Mwaka 2011, Judith Omumbo na wenzake walionyesha, kwa vipimo vya kituo cha Kericho, kuwa joto lilipanda kwa takriban nyuzi 0.2 kila muongo. Mjadala wa iwapo joto ndilo linalochochea malaria hauwezi kuamuliwa kwa vipimo vya joto peke yake. Unahitaji pia hesabu ya wagonjwa inayoaminika, nayo huanzia kwenye tone la damu.

Kwenye slaidi hupakwa matabaka mawili. Tabaka jembamba hukazwa kwa methanoli ili seli zibaki na umbo lake, na aina ya kimelea itambulike. Tabaka nene halikazwi: chembe nyekundu hupasuka, damu nyingi ikachunguzwa kwa mara moja. Kisha slaidi hutiwa rangi ya Giemsa iliyochanganywa na maji yenye pH 7.2. Maji yakiwa na asidi, rangi haishiki ipasavyo.

Chini ya lenzi ya mafuta, kwa ukuzaji wa mara 1,000, kimelea kichanga huonekana kama pete ya buluu yenye nukta nyekundu. Hapo ndipo pana mtego: punje za rangi iliyoganda, chembe sahani na vumbi huweza kufanana nacho. Msomaji mzoefu huzungusha skrubu ya kulenga taratibu. Punje ya rangi mara nyingi huwa wazi pale seli zinapofifia, kwa kuwa imekaa juu ya seli hizo.

Hesabu hufuata. Vimelea 50 vikionekana wakati chembe nyeupe 200 zinahesabiwa, na kwa kukadiria chembe nyeupe 8,000 kwa mikrolita, mgonjwa ana vimelea 2,000 kwa mikrolita. Slaidi haitangazwi safi kabla ya kuchunguza nyuga 100 za hadubini.

Kamera na programu za kutambua vimelea zinasaidia, lakini nazo hudanganywa na slaidi chafu. Zahanati za Kericho na za jirani yake Bomet zipewe kwanza rangi iliyochujwa, maji yaliyopimwa na msomaji wa pili. Mashine zifuate baadaye.