Heko Shujaaz, Mashujaa Wasio na Mabawa

Mwaka 2025 jarida la katuni la Shujaaz lilitimiza miaka 15. Kwa jarida la vijana, tena la bure, huo ni umri wa kupigiwa makofi.

Lilizaliwa Nairobi mwaka 2010. Lilisafiri ndani ya gazeti la Saturday Nation na kugawiwa kwenye vibanda vya M-Pesa, njia zinazofika Kitale na Bungoma sawa na jijini. Lugha yake ni Sheng, ile ile ya stendi za matatu na boda boda.

Mashujaa wa katuni za Marekani huruka angani na kunyanyua magari. Boyie wetu, mhusika mkuu wa Shujaaz, hana mabawa. Amemaliza shule, hana kazi, anarusha matangazo ya redio kwa siri kutoka nyumbani. Nguvu yake ni maarifa. Katika kisa kimoja maarufu, vifaranga wanapakwa rangi ili mwewe asiwatambue kuwa ni windo. Kwa Bungoma, ambako mgeni asiyechinjiwa kuku hajakaribishwa, hicho si kichekesho tu. Ni mali ya boma inayookolewa.

Dunia nayo iliona: Shujaaz lilitwaa tuzo ya kimataifa ya Emmy mwaka 2012, na tena 2014.

Heko kwa wachoraji na waandishi wake. Nawe msomaji, ukiwa na nakala kuukuu, usifungie sukari. Mpe kijana aisome.