Mbwa Aliyevishwa Gauni

Msomaji, ukisifu picha ya mbwa kwa kusema "utadhani mtu", hujamsifu mbwa. Umemfukuza pichani. Hebu tuone jinsi sifa hiyo ilivyompotosha mpiga picha mmoja hodari wa Marekani, William Wegman.

Wegman, aliyezaliwa 1943, alisomea uchoraji. Mwaka 1970 alipata mbwa wa kijivu wa aina ya Weimaraner, akampa jina la msanii Man Ray. Mwaka 1979 akaanza kutumia kamera kubwa ya Polaroid, si hii ya kuning'iniza shingoni bali dude la zaidi ya kilo 100, linalotoa picha moja ya sentimita 50 kwa 60 hivi. Picha ni hiyo hiyo moja, haina negativu ya kusafishia nyingine. Kwa hiyo mbwa lazima atulie, na mwenye kamera lazima amngoje. Mi nadhani siri iko hapo.

Itazame "Dusted" ya 1982. Man Ray, mzee tayari, kakaa kitako, unga mweupe unammwagikia toka juu. Basi. Hana kofia wala miwani. Anavumilia. Kwa kuwa anamwamini bwana wake, au kwa kuwa kazi ni kazi? Picha haisemi, nami nimeitazama mara nyingi nikashindwa kuamua. Man Ray alikufa mwaka huohuo.

Mwaka 1986 akaja Fay Ray, naye akazaa. Nguo nazo zikaja. Katika kitabu cha Cinderella cha 1993 mbwa wamevaa magauni na mawigi, na kwenye mikono ya nguo inatokeza mikono ya watu waliojificha nyuma. Fani iko juu, sibishi: mwanga, rangi, vitambaa. Lakini maudhui? Unacheka, unafunua ukurasa, unacheka tena kichekesho kilekile. Watoto watafurahi, na ni kitabu chao, sawa. Ila yule mbwa kabaki kichwa tu, kama kinyago.

Elliott Erwitt, aliyefariki 2023, alijua kuchekesha bila kumnyang'anya mbwa ubwa wake. Katika picha yake ya New York ya 1974 kamera imeshuka mpaka usawa wa kijibwa cha Chihuahua. Kando yake kuna buti za mwanamke, halafu miguu miwili mirefu unayoidhania ya mtu, kumbe ni ya mbwa mwingine, jitu zima! Kijibwa kimevaa kofia, ndiyo, lakini hapa aliyekatwa kichwa ni binadamu. Mbwa kabaki na sura yake, anatutazama.

Na sisi waandishi tusimcheke sana Wegman. Katika hadithi zetu mbwa hubweka ili tujue mwizi kafika, au jina lake hutolewa kuwa tusi la mtu. Baada ya hapo haonekani tena. Wenzangu, nitajieni riwaya moja ya Kiswahili ambamo kapewa hata ukurasa mmoja wa kutulia tu, akitazamwa.