Hongera kwa Wasoma Vipimajoto
Waangalizi wa hali ya hewa wa kituo cha Bukoba, sisi watu wa Rubwera wilayani Kyerwa, wenye kahawa na migomba, mnatudai shukrani. Saa tatu asubuhi, mvua inyeshe isinyeshe, mnafungua kibanda cheupe cha mbao, jicho sawasawa na kimiminika, mnasoma hadi sehemu ya kumi ya nyuzijoto. Wastani rasmi wa hali ya hewa huhesabiwa kwa miaka 30, sasa ni 1991 hadi 2020, na kipimo kilichorukwa hakipatikani tena. Ndiyo maana nawaheshimu hasa waliojaza daftari hata sikukuu. Mkulima wa Kyerwa akisema usiku umepungua baridi, ushahidi umo katika madaftari hayo. Mamlaka ya Hali ya Hewa iyatunze madaftari ya zamani, mchwa wasiyawahi.