Karatasi ya wawili mbele ya hakimu

Wanaingia mahakamani wakidhani shughuli imekwisha. Wazee wa pande zote mbili wameshakaa, baraza la usuluhishi limeshashindwa na kutoa hati yake, na wenyewe wameelewana: mama abaki na nyumba ya Mbagala, baba achukue kiwanja cha Kibaha na bajaji mbili. Saini zipo, na dole gumba la shahidi lipo. Hakimu anapoanza kuuliza maswali wanatazamana: huyu naye anatafuta nini?

Mfano huo nimeutunga, lakini maswali ya hakimu yana asili yake katika Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Talaka yenyewe haipatikani kwa kukubaliana tu. Mahakama lazima ijiridhishe kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Kwenye mali, sheria inawaachia wawili nafasi ya kupatana. Kifungu cha 106 kinataka maombi ya talaka yaeleze makubaliano yoyote kuhusu matunzo na mgawanyo wa mali, na kile cha 108 kinamtwika hakimu wajibu wa kuyachunguza, kadiri awezavyo, aone kama yanafaa.

Yanafaa kwa kipimo gani? Hapo anafungua kifungu cha 114: mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi, madeni yaliyokopwa kwa faida ya wote, mahitaji ya watoto, na mila za jamii yao. Neno “kazi” ndilo lililobishaniwa zaidi, hadi Mahakama ya Rufani ilipokubali, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu la 1983, kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango. Kwa hiyo karatasi inayompa mama kitanda na sufuria baada ya miaka 20 haipiti kimyakimya, hata kama ameisaini mwenyewe. Hakimu atauliza ni nani aliyekuwa akipika na kulea wakati mwenzake akisimamia mafundi.

Makubaliano mengi, kwa maoni yangu, hayaharibiki kwenye haki bali kwenye lugha. “Mume atamwachia mke nyumba” ni sentensi nzuri ya kikao cha ukoo, ila ni mbovu kwenye amri ya mahakama. Atamwachia lini? Nyumba ipi, kama kiwanja kina mbili? Nani alipe gharama za kuhamisha umiliki? Iandikwe hivi: nyumba yenye leseni ya makazi namba fulani ihamishiwe jina la mke ndani ya siku 60, gharama kwa mume, ikishindikana, ithaminiwe na kuuzwa, na mke achukue fedha yote. Sentensi hiyo haina utamu wowote, lakini siku ya kukazia hukumu dalali wa mahakama anajua la kufanya.

Kuna pia deni, ambalo watu hulisahau wakiwa na furaha ya kumalizana. Wawili wakikubaliana kwamba baba ndiye atakayelipa mkopo uliowekewa dhamana ya nyumba, benki haikuwepo kwenye kikao hicho na haifungwi nacho. Baba akiacha kurejesha, nyumba ya mama ndiyo itakayopigwa mnada. Mwandishi makini hudai mkopo ulipwe kwanza, au benki ikubali kwa maandishi kubadilisha dhamana.

Watoto hawagawanywi kama bajaji. Wazazi wanaweza kupendekeza mtoto akae kwa nani na matunzo yawe kiasi gani, lakini mahakama haifungwi na bei yao, na hali ikibadilika amri ya matunzo inaweza kurekebishwa.

Mgawanyo wa mali haurekebishiki kwa wepesi huo. Mahakama ikishaipa karatasi nguvu ya hukumu kwa ridhaa ya wote wawili, mlango wa rufaa kwa kawaida umefungwa. Anayetaka kuitengua huwa na kazi ya kuthibitisha udanganyifu, kulazimishwa, au jambo la uzito huo. Ndiyo maana hakimu mzuri haharakishi. Anaisoma kwa sauti, kifungu kwa kifungu, kisha anamgeukia kila mmoja kwa zamu yake: umeelewa? umelazimishwa? kuna mali nyingine ambayo haimo humu?

Kwenye swali hilo la mwisho ndipo mama anapoinua kichwa na kuuliza kuhusu bajaji ya tatu.