Lipu ya Mkunazini

Juu, nyumba moja ya Mkunazini, katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, haina la kulaumiwa: bati jipya, gata zenye mwinamo, boriti zilizooza zimetolewa zote.

Balaa liko chini. Mwenye nyumba, ambaye hata mwaka haujatimia tangu ainunue, aliona ukuta wa mbele unamwaga unga kila ukiguswa. Akamwita fundi, naye fundi akatoa hukumu palepale: bandua chokaa yote, piga lipu ya saruji kutoka msingini mpaka usawa wa madirisha. Mwenye nyumba akakubali. Nyumba ikaharibiwa siku hiyo, tena kwa nia njema na kwa pesa nyingi.

Waliopita uchochoroni wiki ile waliusifu ukuta kwa jinsi ulivyonyooka, na kweli mwiko fundi yule anaujua. Ukuta ndio alioshindwa kuusoma.

Wenye kuzijua nyumba za Mji Mkongwe hawahitaji somo refu. Ni mawe ya matumbawe yaliyopangwa kwa chokaa, mchanga na udongo, unene nusu mita na zaidi, bila ile nailoni ya msingini inayozuia unyevu katika nyumba za siku hizi. Maji ya ardhini hupanda ukutani yakiwa na chumvi, kisha hutokea nje kupitia chokaa. Yakishakauka, chumvi hubaki na kuumba fuwele ndogo zinazopasua uso wa lipu. Unga ulioganda kwenye kiganja cha mwenye nyumba ulitokana na hayo. Chokaa haikuwa imeshindwa kazi. Ilikuwa inaliwa ili jiwe lisiliwe, na dawa yake inajulikana: kwangua palipochoka, piga tena, pita na maji ya chokaa. Ni kazi ya kila baada ya miaka michache, na haihitaji kubandua ukuta mzima.

Saruji huiziba njia hiyo. Maji hayakomi kupanda kwa sababu nje pamefungwa, bali huendelea juu yakitafuta pa kutokea, na mara nyingi hutokea sebuleni. Masika moja yanatosha kuchora mstari wa ukungu juu kidogo ya pale lipu mpya inapoishia. Unyevu ukifika usawa wa dari, unakuta vichwa vya boriti vimezikwa ukutani. Mkoko ni mti mgumu, lakini kichwa kinachokaa majimaji mwaka mzima huoza, na mchwa hawachelewi. Anayetazama kutoka chini huiona boriti nzima kabisa, kumbe pale inapoingia ukutani bisibisi inazama bila kusukumwa.

Kisha kuna ugumu. Ukuta wa mawe na chokaa hucheza kidogo majira yanapobadilika. Saruji haichezi, hivyo hupata nyufa nyembamba kama unywele, mvua ikaingia humo na isipate pa kutokea. Yeyote mwenye shaka apige lipu ya namna hiyo kwa kifundo cha kidole baada ya misimu miwili. Pale inapotoa sauti ya uwazi, imekwishaachana na mawe na inajishikilia yenyewe.

Swali la kwanza lilipaswa kuwa moja tu: maji yanatoka wapi? Uchochoro umemwagiwa zege juu ya zege kiasi kwamba sasa uko juu ya sakafu ya ndani, na mwinamo wake unaelekea mlangoni. Kiyoyozi cha ghorofani nacho kinadondosha maji yake kwenye kona ileile iliyokuwa ikimomonyoka kuliko zote. Mfereji mdogo kando ya msingi na kipande cha bomba la plastiki vingegharimu pungufu ya ile mifuko ya saruji. Fundi hakutazama chini wala juu.

Ugonjwa huu una ndugu yake, ambaye safu hii imempigia kelele mara nyingi: rangi ya mafuta hadi kiunoni, eti ukuta usichafuke. Nayo inaziba vilevile. Kila nyumba kongwe yenye mkanda huo wa rangi ina malengelenge juu yake, na kila mwenye nyumba anadhani ameuziwa rangi mbovu.

Mafundi wa zamani wa tanuri za chokaa hawakufanya mambo hayo. Walipanga magogo duara, wakaweka matumbawe juu, wakachoma, wakazima mawe kwa maji, kisha wakaiacha chokaa ikae ndipo waiguse. Kuta za Kilwa Kisiwani zilijengwa bila chembe ya saruji na zimesimama kwa karne nyingi. Na asiseme mtu kwamba ujuzi ulizikwa na wazee: Old Dispensary pale Mizingani ilikarabatiwa na Aga Khan Trust for Culture miaka ya 1990, na leo bado ni darasa kwa anayetaka kujifunza.

Beit-el-Ajaib, jengo la Sultani Barghash la mwaka 1883, lilipoporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu wawili, kila mtu aligeuka mtaalamu wa urithi. Kisa chake ni kikubwa na ni kingine. Lakini makelele yale yote hayakumfanya mwenye nyumba hata mmoja wa vichochoroni apande kusafisha gata kabla ya Machi.

Sasa wapo wanaoshauri suluhu ya katikati, yaani kuichanganya chokaa na saruji kidogo ili ishike haraka. Hapana. Saruji hiyo kidogo nayo inaleta ugumu na kupunguza upenyo wa unyevu, na fundi mwenye haraka hajui kuishia kidogo. Pale Mkunazini lipu yote itoke, taratibu, kwa patasi ndogo, maana ikichokolewa kwa nguvu itaondoka na uso wa mawe. Ukuta uachwe wazi ukauke, hata kama ni miezi kadhaa na majirani wanacheka. Chokaa ipigwe wakati wa kipupwe, jua likiwa si kali, tabaka jembamba moja baada ya jingine, kila moja likinyunyiziwa maji lisikauke kwa pupa. Na uchochoro uchimbwe kwanza.