Kuvika Upote

Upote wa upinde huchakaa katikati kabla ya kuchakaa kwingine. Ni sehemu fupi, isiyozidi shibiri moja, ambapo kitako cha mshale hukaa na vidole huvuta. Kila mshale ukiondoka huisugua. Kila mara vidole vikiachia, nyuzi za juu huchubuka kidogo. Ndiyo maana sehemu hiyo huvikwa. Uzi mwingine, mwembamba na mgumu, huzungushwa juu ya upote, mzunguko ubavuni mwa mzunguko, hadi upote usionekane tena. Vazi likichakaa huvuliwa, upote ukavikwa jipya.

Fundi niliyemtazama akiifanya kazi hii ana kibanda chake katika komini ya Kenya, mjini Lubumbashi. Vijana wa pale humwita Papa, nami nikamwita vivyo hivyo. Riziki yake haitokani na pinde. Inatokana na vipini: visu, mashoka, fimbo za wazee, vyote anavifunga kwa uzi au kwa waya wa shaba. Pinde humfikia mojamoja, kutoka kwa mwindaji wa upande wa Mitwaba, kutoka kwa kikundi cha ngoma, au kutoka kwa mtu aliyerithi upinde wa babu yake na hataki uning'inie ukutani bure. Bunduki za kienyeji zimekwisha kuwanyang'anya mafundi wa pinde wateja wao. Yeye halalamiki. Upinde ukija, vipini husubiri.

Upinde niliomkuta nao ulikuwa umeletwa bila upote, na upote aliusokota mwenyewe kwa nyuzi za nailoni za kufumia nyavu, zilezile wanazotumia wavuvi wa Kasenga kwenye mto Luapula. Aliupaka nta ya nyuki, akaupandisha kwenye upinde, kisha akautundika upinde darini kwa usiku mzima, jiwe likining'inia kwenye upote. Sababu ni rahisi, ingawa wengi huiruka. Nailoni mpya hurefuka ikivutwa, na kitu kinachorefuka hukonda. Ukiuvika upote kabla haujamaliza kurefuka, vazi litakaa vizuri siku ile, na kesho yake litakuwa limelegea juu ya upote uliokonda, likiteleza huku na huku. Kwa hiyo jiwe hutangulia uzi.

Asubuhi aliushusha upinde, akaulaza juu ya benchi kati ya vigingi viwili, upote ukiwa bado umekazwa. Hauvikwi ukiwa umelegea. Akaupima unene kwa kipande cha bati chenye mikato ya ukubwa tofauti: milimita tatu. Akachukua mshale mmoja kati ya mitano iliyokuja na upinde, akautazama mkato wa kitakoni. Hapo ndipo unene wa uzi wa kuvikia huamuliwa. Uzi wa nusu milimita huongeza milimita nzima kwenye upote, nusu kila upande, na mkato wa mshale lazima uukubali unene huo: uushike upote, usiubane. Alikuwa na nyuzi za namna tatu kwenye mkebe wa maziwa. Uzi wa pamba aliurudisha, kwani hunywa maji ya mvua na kuvimba. Mwingine ulikuwa mwembamba mno kwa mikato ile. Akabaki na uzi wa mshona viatu, wa poliesta, wa nusu milimita, akaupitisha mara mbili juu ya donge la nta.

Kisha akachagua kifaa, na hapa alikaa muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

Alikuwa navyo viwili. Cha kwanza kilitoka kiwandani, zawadi ya mteja aliyekuja nacho kutoka Ulaya: mwili wa chuma wenye mfereji wa kukaa juu ya upote, bobini ndogo ya uzi kwenye ekseli, springi, na nati yenye masikio ya kukazia. Ukikaza nati, bobini huwa nzito kuzunguka na uzi hutoka kwa mkazo. Ukilegeza, hutoka laini. Ni kitu kizuri, na wapiga upinde wa michezo duniani kote hutumia vya namna hiyo. Cha pili alikichonga mwenyewe kwa mubanga, mti mgumu wa misitu ya Katanga, sasa cheusi kwa jasho la mikono. Nacho kina mfereji, ekseli na nati. Tofauti iko kwenye bobini: ya kiwandani ni nyembamba na imebeba makumi ya mita za uzi, tabaka juu ya tabaka, yake ni nene, kipenyo cha sentimita mbili na nusu, na imebeba tabaka moja tu.

Nilidhani ni mazoea. Papa akanionyesha. Alishika bobini ya kiwandani iliyojaa, akavuta uzi. Halafu akachukua nyingine ya aina hiyohiyo iliyokaribia kwisha, nati ikiwa imekazwa vilevile, akanipa nivute. Hii ya pili iliuma. Bobini ikijaa, uzi hutoka mbali na ekseli. Ikipungua, hutoka karibu, na breki ileile hushika kwa nguvu zaidi. Kipenyo kikipungua hadi nusu, mkazo huwa maradufu. Mtu anayevika upote kwa bobini ya namna hiyo bila kugusa nati huanza na vazi laini na kumaliza na vazi linalokata nyuzi za ndani, na jicho halitamwambia kitu, kwani kwa nje mizunguko yote hufanana.

"Uzi njo inasema," alisema, "lakini inasema ku kidole, hapana ku macho."

Kwa hiyo hujaza bobini yake nene kwa uzi wa kazi moja tu. Hesabu yake hukaa kichwani. Sehemu ya kuvika ni sentimita 16. Uzi ni wa nusu milimita, kwa hiyo mizunguko ni 320. Kila mzunguko unakula uzi wa milimita 11 hivi, na yote kwa pamoja ni mita tatu na nusu. Anakata mita nne. Mita nne zikizungushwa kwenye bobini ile zinajaza tabaka moja la sentimita mbili na nusu, basi, na uzi hutoka umbali uleule tangu mwanzo hadi mwisho. Tatizo ambalo springi ya kiwandani hailimalizi limemalizwa na kipande cha mti kilichonenepeshwa. Nati pia ameishinda kwa njia ya fundi baiskeli: ameweka ya pili juu yake, zikabanana, ili mizunguko 320 isiilegeze moja.

Mkazo wenyewe hakuukisia. Aliushika uzi juu, akakiacha kifaa kining'inie, akakitundikia jiwe la kilo moja na nusu lililotobolewa. Kikashuka. Akakaza nati kidogo mno, robo ya robo. Kikashuka polepole. Akakaza tena, kikasimama. Halafu akalisukuma jiwe chini kwa kidole kimoja, na kifaa kikaanza kushuka tena bila kuruka. Hapo akaridhika. Kifaa kinachoruka, alieleza, kitaacha mzunguko mmoja mkali na mwingine mlegevu, na ule mlegevu ndio utakaofungua mlango.

Alitia alama kwa makaa: sentimita sita juu ya mahali pa kitako cha mshale, kumi chini yake. Chini ni kurefu zaidi kwa sababu vidole viwili huvuta huko. Akaulaza mkia wa uzi juu ya upote, ukielekea upande ambao kazi ingeelekea, akaufunika kwa mizunguko kumi na miwili ya kwanza, kwa mkono, bila kifaa. Akavuta mkia ule kwa koleo hadi mizunguko ikajibana, akakata kilichobaki. Hakuna fundo. Fundo lingekuwa uvimbe, na uvimbe ungehisiwa na vidole. Uzi ulijishikilia kwa mkazo wa mizunguko yake yenyewe.

Ndipo akaupandisha mfereji wa kifaa juu ya upote na kuanza kukizungusha. Upande wa kuzungushia ni ule wa msokoto wa upote, ili vidole vikiviringisha uzi wakati wa kuachia, vazi liukaze msokoto badala ya kuufungua. Mabaharia wanaovika kamba za meli huenda kinyume na msokoto. Kila kazi ina sababu zake. Mkono wa kulia wa Papa ulikuwa ukisukuma tu. Kifaa kilizunguka kwa uzito wake, kikaweka uzi, kikasogea nusu milimita, kikazunguka tena. Mkono wa kushoto ulifuata nyuma, ukucha wa kidole gumba ukigusa kila mzunguko mpya na kuusukuma kwa jirani yake. Baada ya kila sentimita mbili hivi alisimama, akapitisha ukucha juu ya vazi kutoka mwanzo, akisikiliza. Ukucha ukikwama, kuna nafasi. Mara moja ulikwama. Akarudisha nyuma mizunguko minane, ambayo mimi nisingeiona kamwe kuwa mibaya, akaiweka upya.

Ufundi huu wa kuzungusha kitu chembamba juu ya kiini una ukoo mrefu Katanga. Wayeke waliokuja na mtawala wao Msiri kutoka Usumbwa, Tanzania ya leo, na kuujenga mji wao Bunkeya, walijua kuuvuta waya wa shaba. Fito za shaba zilipigwa nyundo, ncha ikachongwa, kisha zikavutwa kupitia matundu ya bamba la chuma, kila tundu dogo kuliko lililotangulia, hadi waya ukawa mwembamba wa kuzungushwa juu ya kiini cha nyuzi za mimea na kuwa bangili. Msiri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891. Miaka kama ishirini baadaye, mwaka 1911, tanuri la kampuni ya madini lilianza kumimina shaba Lubumbashi kwa tani. Bangili zile zilidai kile ambacho upote unadai leo: kiini kisichoonekana, waya usio na nafasi, mkazo mmoja. Waya ambao Papa hufungia mashoka yake huununua kwa mafundi wanaosuka upya moteri zilizoungua za mashine za kusagia mahindi. Shaba ya nchi hii imekwenda mbali na kurudi ikiwa imevaa vanishi, naye anaivua vanishi hiyo kwa moto.

Kazi ya namna hii haiachi ushahidi mwingi. Meli ya Kiingereza Mary Rose ilizama mwaka 1545 na kuinuliwa mwaka 1982, na ndani yake zilipatikana pinde nzima zaidi ya 130. Nyuzi za pinde zilikuwa zimeoza. Vitundikio vya pinde vya machifu wa Waluba, vya mti uliochongwa, viko katika majumba ya makumbusho mengi ulimwenguni. Mtu hutazama sura ya mwanamke iliyochongwa kwa ustadi na hakumbuki kwamba kitu kile kilitengenezwa kubeba upinde, na kwamba upinde bila upote ni fimbo.

Zilipobaki sentimita chini ya moja, Papa alisimamisha kifaa. Kumaliza ni kugumu kuliko kuanza, kwani mkia wa mwisho nao lazima uzikwe bila fundo, na sasa mizunguko haiko mbele ya kuufunika. Aliachia kitanzi kikubwa cha uzi, akaukata kutoka kwenye bobini, akaipitisha ncha ndani ya kitanzi, na kuanza kuuzungusha uzi kwa kurudi nyuma, kutoka mbali kuelekea vazi, mizunguko kumi na mitano iliyoachana. Halafu akaulaza mkia juu ya upote na kuendelea kukizungusha kitanzi kama mwanzo. Kila mzunguko mpya uliowekwa upande wa vazi ulifungua mmoja wa ile kumi na mitano upande wa pili. Inaonekana kama kiini macho. Ni hesabu tu, inayoingia na inayotoka zikilingana. Mizunguko ilipokwisha, kilibaki kitanzi kilicholegea, mkia wake ukitokea upande wa pili. Akauvuta kwa koleo, polepole, kitanzi kikamezwa. Akakata, akabakiza milimita mbili, akasogeza moto wa kiberiti karibu bila kugusa, uzi ukajikunja kuwa kidonge kidogo kigumu. Akakibonyeza kwa ubapa wa kisu kabla hakijapoa.

Kisha akasugua. Kipande cha ngozi kilichozungushwa juu ya vazi, mikono miwili ikivuta huku na huku, hadi ngozi ikawa ya moto, nta ikayeyuka na kuingia katikati ya mizunguko. Vazi liligeuka kutoka rangi ya uzi kuwa kitu kimoja chenye mng'ao.

Mishale ilijaribiwa mmoja mmoja. Mshale mzuri huingia kwa mlio mdogo, hushikilia upote hata ukining'inizwa ukielekea ardhini, na ukiugonga upote kwa kidole, huanguka. Minne ilifanya hivyo. Wa tano uling'ang'ania. Mwenye upinde, kijana aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote, alisema, "Papa, punguza uzi kidogo." Papa akachukua kisu chembamba na kuanza kuupanua mkato wa mshale.

"Upige mishale hamsini," alimwambia bila kuinua macho. "Ukiona nafasi karibu na kitako, usiisukume na kucha. Leta hapa, nitaona kama ni uzi wangu ao ni mkono yako."